Paipu za umeme kwenye ukuta wa paneli za EPS: zipite wapi, kwa kina gani

Ukijenga kwa paneli za EPS (foamu nyeupe ya polistirini yenye wavu wa chuma pande zote mbili), kama zile zinazotoka kiwanda cha NHC, shirika la nyumba la taifa la Kenya, kule Mavoko, mwambie fundi wa umeme mapema: kazi ya paipu na maboksi yote inaisha kabla ya plasta. Ukuta wa mawe unaweza kuupiga plasta leo na kuuchimba kwa grainda mwezi ujao. Huu wa paneli ukiuchimba umekata wavu wa chuma, na wavu pamoja na plasta ndio ukuta wenyewe. Foamu haibebi mzigo.

Chora njia kwa chaki au kalamu nene. Rangi ya kupuliza iache, kwa kuwa kemikali zake huila foamu. Paipu ipande au ishuke wima kutoka kwenye boksi, isikate mshazari, maana anayetoboa ukuta baadaye hukisia waya ulipo kwa kuangalia soketi.

Mfereji uyeyushe kwa mashine ya hewa moto. Si kwa kisu, na tochi ya gesi usiiguse: foamu ikishika moto hutoa moshi mweusi wenye sumu. Hewa hupita kwenye matundu ya wavu bila kukata hata waya mmoja. Sogeza mdomo wa mashine polepole, utaona punje zinanywea na kuacha ngozi inayong'aa. Dirisha liwe wazi. Ukikuta waya unaopenya foamu kutoka wavu huu hadi wa pili, sogeza paipu pembeni. Waya huo usikatwe.

Kina ndicho kinachokosewa zaidi. Paipu ya milimita 20 inataka mfereji wa milimita 20 kamili, mgongo wake ulingane na uso wa foamu. Mfereji ukiwa na kina pungufu, paipu inausukuma wavu nje, plasta haipiti nyuma ya waya, na baada ya muda unaona ufa ulionyooka kufuata paipu kutoka swichi hadi dari. Kuuziba kwa pati hakusaidii, unarudi. Funga paipu kwa waya wa kufungia kila sentimita 60 hivi, isije ikaelea plasta ikipigwa kwa mashine.

Gundi ya paipu nayo huyeyusha foamu. Gundisha viungo chini, vikauke, ndipo uingize. Kona zikunje kwa springi ya kukunjia paipu, zisizidi mbili kati ya boksi na boksi, la sivyo waya hautavutika.

Sasa boksi. Plasta ikiwa milimita 30 kutoka uso wa foamu, boksi la milimita 35 linazama kwenye foamu milimita 5 tu, ilhali paipu iko ndani zaidi. Kwa hiyo paipu lazima ijitokeze kidogo kabla ya kuingia boksini. Boksi la milimita 47 hupunguza kona hiyo. Kata wavu kwa koleo kwa ukubwa wa boksi tu, kisha funga vipande vya wavu kuzunguka tundu. Maboksi ya pande mbili za ukuta yasipeane mgongo, yaachanishe angalau sentimita 30.

Waya wenye ganda la PVC usilale juu ya foamu bila paipu. Kilainishi cha ganda huhamia kwenye foamu, ganda likakakamaa na kupasuka. Halafu foamu huzuia joto la waya lisitoke, kwa hiyo waya wa shawa ya umeme au jiko upimwe kwa jedwali la waya uliozungukwa na kihami joto, si la waya ulio wazi. Mara nyingi utapanda saizi moja.

Boksi la chuma likigusa wavu, hitilafu moja inaweza kuutia umeme ukuta mzima. Kila boksi lipate waya wa ethi, na saketi zote zilindwe na RCD (swichi inayojizima umeme ukivuja) ya miliampea 30. Kazi hii ni ya fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya.

Siku ya plasta, jaza maboksi karatasi, yafunike kwa selotepu, na vuta waya wa kuongozea katika kila paipu uhakikishe unacheza. Piga picha kila ukuta futi ya kupimia ikionekana. Waya zikishavutwa, pima kwa mega (kifaa cha kupima kama ganda la waya linavujisha umeme) ya volti 500 kabla ya kufunga soketi. Ukisoma chini ya megaohmu 1, usiwashe.