Beseni la maji saa kumi jioni

Kazi yangu ni tiba kwa vitendo, yaani kumsaidia mtu amudu shughuli zake za kila siku, na watoto wengi ninaowahudumia hapa Dar es Salaam hawajafikisha miaka mitano. Wazazi huja wakitarajia nitawaandikia vifaa vya gharama. Mimi huwauliza kama nyumbani kuna beseni, maana mchezo wa maji unaweza kumtuliza mtoto.

Saa kumi jioni, jua likianza kupoa, liweke uani kivulini, lijaze nusu, kisha tia kopo, vikombe viwili na kifuu cha nazi. Nasisitiza uani. Ndani ya nyumba neno "usimwage" halikomi, na mtoto hatulii huku anakemewa. Nje maji yakimwagika yameingia mchangani, basi.

Kinachomtuliza kwanza ni uzito. Kopo lililojaa linamlazimisha kukaza mkono na bega, na kazi ya namna hiyo mara nyingi humtuliza mtoto aliyechachamaa, kama anavyotulia akikumbatiwa kwa kukazwa. Halafu kumimina kunataka taratibu. Akiharakisha, kikombe hakijai.

Lakini ninachokipenda kuliko vyote ni kikonyo cha jani la mpapai, kile chenye uwazi ndani kama mrija. Kikate ncha zote mbili, ukisuuze mpaka utomvu uishe, maana unawasha. Siku za mwanzo apulize kwenye maji matupu, kwa sababu mtoto asiyejua kupuliza huvuta. Akishajua, tia sabuni kidogo. Povu kubwa halitoki kwa pumzi ya kishindo, linataka pumzi ndefu na laini. Na unapotoa pumzi kwa muda mrefu, mapigo ya moyo hupungua kasi. Mtoto wa miaka mitatu ukimwambia "shusha pumzi" atakutazama tu. Mpe kikonyo, atashusha mwenyewe. Chukua na wewe chako, mpulize pamoja. Mzazi aliyetoka kwenye foleni ya daladala naye anakihitaji.

Jambo moja silegezi hata kidogo. Mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji ya sentimita 5, tena kimya kimya. Kaa kwenye kigoda karibu naye, mikono yako nayo iwe majini, simu ibaki ndani. Ukiinuka, hata kwenda kutazama sufuria, mbebe uende naye.

Mkimaliza, maji yaende kwenye mchicha, na mwache ayabebe yeye, kikombe kimoja kimoja. Safari hizo zitachukua dakika nyingi. Usimpokee.