Mahakama ya Juu ya Marekani haikufuta vibali vya bastola

Kila inapotajwa kesi ya Bruen ya mwaka 2022, iliyohusu sheria ya New York ya kubeba bastola, kuna atakayesema kwamba Mahakama ya Juu ya Marekani ilifuta vibali vya kubeba silaha. Haikufuta. Mkazi wa New York anayetaka kutembea na bastola kiunoni bado anajaza fomu, anachukuliwa alama za vidole na kusubiri jibu.

Maana ya uamuzi huo ni fupi. Sheria za majimbo kuhusu kibali cha kubeba bastola ziligawanyika katika aina mbili. Ya kwanza husema afisa "anaweza" kutoa kibali, kwa hiyo hata ukitimiza masharti yote anabaki na hiari ya kukunyima. Ya pili husema afisa "atatoa": ukiwa na umri unaotakiwa, rekodi safi na mafunzo kamili, hana la kuongeza. Bruen iliigusa aina ya kwanza peke yake.

Mkanganyiko unaanzia kwenye neno kibali. Shina lake ni lile lile la Kiarabu lililotupa kukubali, nasi tumelipa kazi mbili. Kuna kibali cha ujenzi: ukileta michoro sahihi na kulipa ada, unakidai dirishani bila kumbembeleza mtu. Na kuna kupata kibali machoni pa mkubwa, yaani kupendelewa, jambo lisilodaiwa popote. Kwa Kiswahili tunaviita vyote kibali, na mvutano wa New York ulihusu hasa ni kipi kati ya hivyo viwili. Sheria zetu zinaijua tofauti hii. Kifungu cha 53 cha Sheria ya Tafsiri ya Sheria ya Tanzania, Sura ya 1, kinatenganisha neno linalompa mtu hiari na neno linalomlazimisha kutenda. Mwanasheria wa Dodoma hawezi kuyachanganya akashinda kesi, na mwandishi wa habari naye asiyachanganye.

New York ilikuwa na Sheria ya Sullivan ya 1911, yenye jina la seneta wa jimbo Timothy Sullivan. Mwaka 1913 likaongezwa sharti la "sababu stahiki" kwa anayeomba kibali cha kubeba bastola. Sheria haikufafanua sababu hiyo ni ipi, kwa hiyo mahakama za jimbo zikalijaza pengo: mwombaji aonyeshe hitaji la pekee la kujilinda, linalomtofautisha na wananchi wengine. Kuishi au kufanya kazi kwenye mtaa wenye uhalifu mwingi hakukutosha. Likitazamwa kwa karibu, sharti hilo linajifunga lenyewe: kadiri hatari inavyowakumba watu wengi, ndivyo inavyokosa kuwa ya pekee kwa yeyote kati yao. Mwombaji mmoja katika kesi ya Bruen, wa kaunti ya Rensselaer, alieleza wizi wa kunyang'anya uliotokea mtaani kwake na mafunzo ya silaha aliyokwisha kuyapata. Alikuwa na leseni ya kuwindia na kulengea shabaha, akaomba mipaka hiyo iondolewe. Akakataliwa.

Mtu hashtaki kwa kuchukizwa na sheria tu. Kwa kawaida huomba kwanza, akinyimwa huenda mahakama ya shirikisho na kumshtaki afisa anayesimamia sheria hiyo, kwa sababu jimbo lenyewe lina kinga dhidi ya mashtaka ya namna hiyo. Ndiyo maana kesi inaitwa Bruen: Kevin Bruen alikuwa mkuu wa polisi wa jimbo.

Tarehe 23 Juni 2022, majaji sita dhidi ya watatu waliamua kwamba sharti la sababu stahiki linavunja Katiba. Jaji Thomas, aliyeandika hukumu, alihesabu majimbo 43 yenye utaratibu wa "atatoa" na sita tu, pamoja na Washington, D.C., yenye hiari. Vibali vya majimbo yale 43 havikuguswa. Tanbihi ya hukumu ilionya tu kwamba vinaweza kupingwa endapo ada itakuwa kubwa mno au mwombaji akicheleweshwa kupita kiasi.

New York ikajibu upesi kwa sheria iliyoanza kazi Septemba mosi 2022: saa 16 za darasani, saa mbili za kufyatua risasi, watu wanne wa kumshuhudia mwombaji, orodha ya akaunti zake za mitandao ya kijamii za miaka mitatu, na uthibitisho wa tabia njema. Sharti hilo la mwisho ndilo la kuangaliwa, maana ndani ya "tabia njema" afisa anaweza kurudishiwa ile hiari. Desemba 2023 mahakama ya rufani ya shirikisho ilizuia sharti la mitandao, ikaliacha la tabia. Hoja yake ni kwamba wapo watu wanaonyimwa kwa haki chini ya sharti hilo, hivyo halifi lote kwa pigo moja. Anayeona amenyimwa kwa uonevu aje na jalada lake mwenyewe.

Yako maneno mengine mawili yanayopotosha. "Kubeba silaha kwa siri" si sahihi, kwani serikali inalijua jina lako, alama za vidole na namba ya bastola. Wasioiona ni wapita njia. "Kubeba hadharani" nako kunamfanya msomaji aione bastola ikining'inia nje ya nguo, wakati leseni ya New York ni ya kuibeba ikiwa imefichwa. Tuandike "kubeba bastola iliyofichwa, nje ya nyumbani". Na pale tunapotaka kuandika "ilifuta vibali", tuandike "ilifuta sharti la sababu stahiki".