Wati mara mbili sio sauti mara mbili

Wapiga gitaa la besi wenzangu wengi wanaamini ukitoka ampu (mashine ya kukuza sauti) ya wati 100 ukanunua ya 200 utasikika mara mbili. Wapi bana, unaongeza desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), sikio lisikie mara mbili unataka kama wati 1000 hivi. Mi nilishaingia mkenge, nikauza ampu yangu nzuri nikachukua kubwa, harusini Mbagala mpiga dramu akanifunika vilevile, kumbe nina spika moja tu ya inchi 10. Nikaazima boksi la pili la spika, ampu ileile, viti vya plastiki vikaanza kutetemeka. Halafu punguza zile besi za chini kabisa, waya wa E, ule mnene, ukipigwa bila kubanwa ni hezi 41, yaani unatetema mara 41 kwa sekunde, huko ndo wati zinaliwa, pandisha sauti za kati uone.