Je, wajua kwa nini bunduki kongwe isiyo na dosari humtia mjuzi shaka?

Tuseme umewekewa mezani bunduki ya jeshi la Uingereza, Lee-Enfield fupi aina ya Mark III, ya mwaka 1915. Mbao zake zinang'aa, chuma hakina hata tone la kutu, na kila kipande ni cha aina iliyokuwa ikitoka kiwandani mwaka huo. Muuzaji anaapa ni orijino kuanzia mdomo wa mtutu hadi kitako. Mjuzi anaishika, anaigeuza mara mbili, kisha anakunja uso.

Anachojua ni kwamba bunduki ya jeshi haikukaa kabatini. Mark III iliingia jeshini 1907 na ikapita vita vikuu viwili. Wazee wetu waliokuwa Keya, yaani King's African Rifles, walikuwa nayo walipoingia Uhabeshi mwaka 1941. Silaha iliyolowa mvua, ikapigwa na jua, ikaangushwa kwenye mawe na kufyatua maelfu ya risasi ni lazima ilipita mikononi mwa fundi, na fundi huacha alama. Kwa hiyo kazi ya kutambua uasili wa vipande ni kazi ya kuuliza: nani alibadilisha hiki, lini, na kwa sababu gani?

Ukishahakikisha haina risasi, anza na shingo ya bunduki, ule mkanda wa chuma nyuma ya kifyatulio. Upande wa kulia utakuta taji, herufi G.R. (za Mfalme George), jina la kiwanda (Enfield, BSA na vinginevyo), mwaka, halafu ShtLE III, yaani Lee-Enfield fupi Mark III. Hicho ndicho cheti cha kuzaliwa. Kisha tafuta namba ya bunduki. Kwa kawaida namba ileile iligongwa mahali sita: kwenye mwili wa chuma, kwenye mtutu, kwenye komeo lile linalovutwa kuingiza risasi, chini ya bapa la kilengeo cha nyuma, kwenye ubao wa mbele, na kwenye kofia ya chuma iliyo mdomoni, panaposhikizwa singe.

Komeo lilipewa namba kwa sababu ya usalama. Ndilo linaloziba nyuma ya risasi wakati baruti inalipuka, na fundi alilifanyia kazi mpaka likalie vizuri mwili mmoja tu. Askari ishirini wakisafisha silaha zao pamoja, makomeo huchanganyika kwa urahisi. Namba ndiyo iliyomrudishia kila mtu lake. Komeo jipya lilipohitajika, fundi wa jeshi aliikata namba ya zamani kwa mstari na kugonga mpya pembeni yake. Ukiona hivyo, usivunjike moyo. Mimi namba iliyokatwa kwa mstari na kuandikwa upya naiamini kuliko namba safi iliyogongwa juu ya chuma kilichosuguliwa, maana fundi aliyeikata kwa mstari hakuwa na la kuficha.

Mtutu nao una mwaka wake. Moto wa baruti aina ya kodaiti ulikula njia ya risasi polepole, hadi bunduki ikawa hailengi sawasawa, ukafungwa mtutu mwingine. Mwili wa 1915 wenye mtutu wa miaka ya 1940 ni jambo la kawaida kabisa. Ni bunduki iliyofanya kazi.

Sasa tufike 1916, mwaka unaowakamata wengi. Vita vilikuwa vinameza bunduki kuliko viwanda vilivyoweza kuzitoa, ikaamuliwa kupunguza kazi. Aina iliyorahisishwa ikaitwa Mark III yenye nyota. Viliondoka vilengeo vya mbali vya ubavuni, vilivyomwezesha askari kufyatua pamoja na wenzake kuelekea umati wa maadui hadi umbali wa yadi 2,800. Mapigano ya mahandaki hayakuwa na haja navyo. Likaondoka pia bamba jembamba la upande wa kulia, lililosukumwa kuzuia risasi za magazini ili askari apakie moja moja huku kumi zikibaki akiba.

Mabadiliko hayo hayakuishia kwenye bunduki mpya. Za zamani zilipoingia karakana zilifungwa ubao mpya wa mbele, na ubao huo haukuwa na nafasi ya vilengeo vya ubavuni. Ndiyo maana Mark III ya 1915 ambayo bado ina vilengeo vyote, bamba lake, na haina dalili ya ukarabati ni nadra mno. Na kwa kuwa ni nadra ina bei, na kwa kuwa ina bei watu wamejifunza kuitengeneza. Vilengeo na mabamba mapya ya kuigiza yanauzwa leo. Kufunga vipande hivyo si kosa mtu akisema wazi kwamba amefunga. Kosa ni kunyamaza.

Mbao husema mengi yasiyosemwa na chuma, na hapa ndipo wengi hukosea. Wanatafuta namba kwenye kitako, wasipoiona wanadhani kimebadilishwa. Kitako hakikuhitaji kufuatana na bunduki, kwa sababu kilichaguliwa kufuatana na urefu wa mikono ya askari! Angalia juu yake: S ni kifupi, L ni kirefu. Askari mmoja akiondoka na mwingine mwenye mikono mirefu akipewa bunduki ileile, fundi alifungua kimlango cha shaba nyuma ya kitako, mahali palipohifadhiwa chupa ndogo ya mafuta na kamba ya kusafishia mtutu, akatumbukiza bisibisi ndefu na kubadilisha.

Kazi hiyo ina siri moja. Skrubu ndefu inayoshika kitako ina ncha ya mraba, na ncha hiyo huingia kwenye kibamba kilicho nyuma ya ubao wa mbele. Ni lazima ubao wa mbele utolewe kwanza. Asiyejua akizungusha skrubu moja kwa moja, ile ncha hugeuka ndani na kuupasua ubao. Ufa mahali hapo unaweza kukuambia kwamba bunduki iliwahi kufunguliwa na mtu ambaye hakufundishwa jeshini.

Geuza kipande kimoja kimoja utazame na mihuri midogo ya wakaguzi. Vipande vya BSA mara nyingi vina herufi B, vya Enfield vina EFD. Ukikuta ubao wenye SLAZ, hilo ni jina la Slazenger, haohao wa raketi za tenisi. Tawi lao la Australia lilichonga mbao za bunduki za kiwanda cha Lithgow wakati wa Vita vya Pili. Basi bunduki iliyozaliwa Uingereza 1915 ikivaa ubao wa SLAZ, huenda ilipita Australia ikahudumiwa huko. Herufi FTR na mwaka maana yake ilifumuliwa kiwandani na kujengwa upya. Mshale mpana mmoja ni alama ya mali ya serikali. Miwili iliyogusana ncha kwa ncha maana yake serikali imeiuza.

Nirudi kwa ile bunduki ya mezani. Mjuzi ameomba bisibisi, ameitoa kofia ya mdomoni, kisha ubao wa mbele. Kwa nje ubao una rangi ya kahawia iliyokolea, ya mafuta ya mbegu za kitani yaliyopakwa miaka na miaka. Anaung'oa ule uso wa kilengeo cha ubavuni na kuuweka kando, anakielekeza kishimo chake kwenye mwanga wa dirisha. Ndani ya kishimo mbao ni nyeupe, na kingo zake bado ni kali kiasi cha kukwaruza kidole.