Maana ya Taa Janja za Kuzama Darini Zinazobadili Rangi

Taa janja ya kuzama darini inayobadili rangi ni taa ya LED inayopachikwa ndani ya tundu lililotobolewa kwenye dari, uso wake ukakaa sawasawa na uso wa dari, na ambayo rangi yake, ukali wa mwanga wake na saa zake za kuwaka huamriwa kwa programu ya simu, kwa sauti au kwa ratiba iliyowekwa mapema, wala si kwa swichi ya ukutani peke yake. Ndani ya maelezo hayo mna mambo matatu yasiyotegemeana: namna ya kuipachika, uwezo wa kubadili rangi, na ule ujanja wenyewe. Iko taa ya kuzama isiyo na ujanja wowote, na iko globu janja inayobadili rangi ambayo hufungwa kwenye holda ya kawaida bila kutoboa chochote. Wauzaji huyafunga mambo haya matatu katika boksi moja, na mnunuzi huvutiwa na rangi milioni 16 zilizoandikwa juu yake huku akisahau kuuliza habari za ile moja atakayoishi nayo karibu kila usiku, yaani nyeupe.

Tuanze na kuzama. Taa za zamani za aina hii zilikuwa na kopo la chuma lililokaa juu ya dari na globu ndani yake. Nyingi za leo ni sahani nyembamba yenye unene wa sentimita moja au mbili, ikifuatana na kiboksi kidogo kinachobeba saketi ya kubadili umeme pamoja na maungio ya nyaya. Sahani hushikwa na klipu mbili za springi zinazobana ubao wa dari kwa juu, kwa hiyo dari ya jipsamu au ya mbao inatosha kuibeba. Vipimo vinavyopatikana zaidi ni vya kipenyo cha takriban sentimita 10 na sentimita 15. Jambo la kuzingatia ni kwamba katika nyingi ya hizi diodi, yaani vile vipande vidogo vya LED vinavyotoa nuru, zimeunganishwa moja kwa moja na sahani, hivyo hakuna globu ya kubadilisha. Taa ikifa, hushushwa yote na kuwekwa nyingine. Ni busara kununua moja au mbili za akiba za muundo uleule, kwa sababu taa za toleo jingine, hata zikitoka kwa mtengenezaji yuleyule, huweza kutoa nyeupe isiyolingana na jirani zake.

Kubadili rangi hutokana na makundi madogo ya diodi nyekundu, kijani na buluu yaliyopangwa karibukaribu nyuma ya kioo chenye ukungu. Jicho la mwanadamu lina aina tatu za seli zinazopokea rangi, na ubongo hukadiria rangi kwa kulinganisha jinsi aina hizo tatu zilivyosisimuliwa. Ndiyo maana diodi nyekundu na kijani zikiwaka pamoja tunaona njano, ingawa hakuna diodi yoyote inayotoa njano. Kila kundi huwashwa na kuzimwa mamia au maelfu ya mara kwa sekunde, na uwiano wa muda wa kuwaka na wa kuzimika ndio unaoamua ukali wake. Jicho halitambui kuzimika huko, lakini kamera hutambua: taa duni ikipunguzwa mwanga kisha ikarekodiwa kwa simu, mara nyingi mistari myeusi huonekana ikipanda au kushuka kwenye picha. Ikiwa kila kundi lina ngazi 256 za ukali, basi 256 mara 256 mara 256 ni 16,777,216, na hiyo ndiyo asili ya zile milioni 16. Ni hesabu ya michanganyiko ambayo saketi inaweza kuamriwa kutoa, na jicho haliwezi kuitofautisha yote.

Diodi nyekundu inayoonekana kwa macho ilitengenezwa mwaka 1962 na Nick Holonyak katika maabara ya General Electric huko Marekani. Buluu yenye nguvu ilisubiriwa hadi miaka ya 1990, na Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya mwaka 2014 kwa ajili yake. Sababu ya tuzo hiyo si mapambo. Diodi ya buluu ikifunikwa kwa unga wa fosfori unaogeuza sehemu ya buluu kuwa njano na nyekundu, hutoka nuru nyeupe, na huo ndio msingi wa karibu taa zote nyeupe za LED majumbani.

Hapo ndipo ilipo tofauti kubwa kati ya taa nzuri na taa ya kuuzia macho. Taa yenye diodi tatu tu inaweza kutoa kitu kinachofanana na nyeupe kwa kuziwasha zote kwa pamoja, na ukiutazama ukuta mweupe huwezi kuona kasoro. Weka mkono wako chini yake na kasoro itajitokeza: ngozi hupauka au kuingia uwaridi usio wa kawaida, na vitambaa viwili vilivyofanana mchana huonekana tofauti. Nuru hiyo imejaa sehemu tatu nyembamba za upinde wa rangi na ina mapengo katikati, kwa hiyo kitu chenye rangi iliyomo ndani ya mapengo hayo hakipati nuru ya kurudisha machoni. Taa bora huongeza diodi nyeupe za fosfori, mara nyingi za aina mbili, nyeupe ya joto na nyeupe ya baridi, na kuziachia zile za rangi kazi ya rangi peke yake. Kwenye boksi tafuta kipimo cha uaminifu wa rangi, kiitwacho CRI, ambacho kilele chake ni 100. 80 ni cha kawaida, na 90 au zaidi kinafaa jikoni, mbele ya kioo cha kujitazamia na mahali pa kushonea. Tazama pia kiwango cha kelvini, kinachoonyesha nyeupe hiyo ni ya joto au ya baridi: 2700 ni nyeupe yenye umanjano wa globu za zamani za waya, na 6500 ni nyeupe kali inayoelekea buluu.

Namba ya lumeni, yaani kipimo cha wingi wa mwanga, iliyoandikwa kwenye boksi kwa kawaida ni ya mwanga mweupe. Ukichagua buluu iliyokolea, chumba huingia giza ghafla, na taa haina hitilafu yoyote. Diodi nyeupe zote zimezimika na limebaki kundi moja linalofanya kazi, tena katika rangi ambayo jicho huihisi kwa udhaifu, kwa kuwa mchana jicho huitikia zaidi nuru ya kijani yenye urefu wa wimbi wa karibu nanomita 555. Kwa hiyo idadi ya taa ipangwe kwa kuhesabu mwanga mweupe. Kwa dari ya mita 2.4, kanuni ya kuanzia ni kuacha mita 1.2 kati ya taa na taa, yaani nusu ya kimo cha dari, na sentimita 60 kutoka ukutani, kisha kurekebisha kwa kadiri ya samani na kazi za chumba.

Ujanja wa taa ni kompyuta ndogo yenye redio. Aina iliyo rahisi kuanza nayo hutumia Wi-Fi na haihitaji kifaa kingine zaidi ya ruta, ila nyingi husikia masafa ya gigahezi 2.4 tu. Simu ikiwa kwenye masafa ya gigahezi 5, huenda programu isiione taa kabisa, na watu wengi huirudisha dukani wakidhani ni mbovu. Aina inayotumia Zigbee, redio nyingine ya vifaa vya nyumbani, huhitaji kitovu kilichounganishwa na ruta, lakini taa zenyewe hupokezana ujumbe, kila moja ikisukuma amri kwa jirani yake, na hivyo kadiri zinavyoongezeka ndivyo mtandao unavyoimarika. Zile za Bluetooth pekee zinatosha chumba kimoja. Mwezi Oktoba 2022 shirika la Connectivity Standards Alliance lilitoa kiwango cha pamoja kiitwacho Matter, kinachoziwezesha taa na programu za kampuni mbalimbali, zikiwamo Apple, Google, Amazon na Samsung, kuelewana ndani ya mtandao wa nyumbani bila amri kuzunguka kwanza kwenye seva za mbali. Faida hiyo si ndogo. Taa inayotegemea seva za mtengenezaji hubaki na uwezo nusu intaneti inapokatika, na mtengenezaji akifunga huduma, ujanja wake wote huondoka naye.

Kompyuta hiyo haifanyi kazi bila umeme, na hili ndilo jambo linalowashinda wengi baada ya wiki ya kwanza. Mtu wa nyumbani akizima swichi ya ukutani, taa haisikii simu, haisikii sauti, wala haifuati ratiba. Na katika mfumo wa Zigbee, taa zilizokuwa zikipitisha ujumbe kwake nazo huweza kupotea. Swichi sharti iachwe imewashwa, na mahali pake pawekwe kitufe kisichotumia waya au swichi janja inayotuma amri bila kukata umeme. Dima ya zamani ya ukutani, yaani swichi ya kupunguza mwanga, iondolewe kabisa, kwani hukatakata mkondo kwa namna ambayo saketi ya taa haikuundwa kuistahimili, na matokeo yake ni kumetameta, mlio wa chinichini, au taa kufa mapema. Kusubiri amri nako kuna gharama. Taa inayokula nusu wati ikiwa imezimwa kwa simu mwaka mzima hutumia kilowati-saa 4.38, na kumi na mbili za namna hiyo hutumia karibu 53. Taa ya wati 10 inayowaka kwa muda wa saa nne kila siku hutumia kilowati-saa 14.6 kwa mwaka, hivyo kusubiri kwa saa 20 zinazobaki kila siku ni sawa na robo ya kazi yake halisi.

Katika kufunga, kama kanuni za mahali zinadai fundi umeme mwenye leseni, aitwe. Hata panaporuhusiwa kujifungia mwenyewe, kazi huanza kwa kushusha breka ya saketi husika na kuhakikisha kwa testa kwamba nyaya hazina moto. Rangi za nyaya zisiaminiwe peke yake. Katika nchi nyingi waya wa moto ni wa kahawia na nyutro ni buluu, ilhali Marekani moto huwa mweusi na nyutro mweupe, na nyumba kuukuu huweza kutofuata utaratibu wowote. Volti iliyoandikwa kwenye taa ilingane na ya nyumba, 120 au 230. Kabla ya kutoboa, tafuta ziliko boriti, mabomba na nyaya, kisha chora duara kwa kutumia kigezo cha karatasi kinachokuja ndani ya boksi. Tundu likizidi kigezo hicho, ukingo wa taa huenda usilifunike. Ikiwa juu ya dari kuna sufi ya kuhami joto, chagua taa iliyoidhinishwa kugusana nayo, kwani joto lisilo na pa kutokea hufupisha maisha ya diodi na ya saketi. Bafuni tafuta alama ya IP, yaani kiwango cha kuzuia maji na vumbi, inayofaa, kwa mfano IP65 juu ya mahali pa kuogea.

Maandalizi ambayo maelekezo ya boksini huyapita haraka ni haya: msimbo wa kusajili taa kwenye programu mara nyingi umebandikwa mgongoni mwa sahani au kwenye kile kiboksi, na vyote viwili vitakuwa juu ya dari kazi ikiisha. Piga picha ya kila msimbo na uandike namba ya taa na chumba chake kabla ya kuipandisha. Afadhali zaidi, unganisha taa moja, washa umeme, isajili, ipe jina, hakikisha inabadili rangi, kisha uzime breka na kuendelea na inayofuata. Anayepandisha kumi kwa mkupuo na kuzisajili baadaye hubaki akibahatisha ipi ni ipi.

Baada ya hapo, ziweke taa katika makundi kwa jina la chumba, maana hakuna anayetaka kuamuru taa mojamoja, halafu tengeneza mandhari chache: moja ya kazi yenye kelvini 4000 kwa mwanga wote, moja ya jioni yenye 2700 kwa theluthi ya mwanga, na nyingine ya rangi kwa siku zinazoihitaji. Ile ya jioni ina msingi wa kifiziolojia, kwa sababu jichoni kuna seli zinazouarifu ubongo kuwa ni mchana, nazo huchochewa zaidi na nuru ya buluu ya karibu nanomita 480, ambayo hupungua sana kwenye nyeupe ya joto iliyofifishwa. Kagua pia mpangilio wa hali ya taa baada ya umeme kurudi. Bila kuubadilisha, taa nyingi huwaka zenyewe kwa nguvu zote, na umeme ukirudi saa nane za usiku nyumba nzima huamka.

Kwa kuwa kila taa ni kifaa cha mtandaoni, ziwekwe kwenye mtandao wa wageni wa ruta pale inapowezekana, na masasisho yake yakubaliwe. Taa isiyoitikia mara nyingi hurejeshwa katika hali ya kiwandani kwa kuizima na kuiwasha mara kadhaa mfululizo hadi ipepese, kwa idadi iliyotajwa na mtengenezaji. Anayehama na kuziacha darini azifute kwanza kwenye akaunti yake, la sivyo mkazi mpya huenda akashindwa kuzisajili kwa jina lake, na mwenye akaunti ya zamani huenda akabaki na uwezo wa kuwasha na kuzima taa za chumba kisicho chake.