Maana ya mbio za taratibu

Jumamosi iliyopita, kwenye mwinuko wa barabara ya Chunya juu ya jiji la Mbeya, nilimkuta kijana mmoja wa kikundi chetu cha jogingi akihema mdomo wazi, huku mama aliyebeba kuni kichwani akimpita kwa kutembea. Alinipa shikamoo, kisha akasema kwa maneno yaliyokatikakatika: “Kaka, leo... nakimbia... taratibu tu.” Nilimwomba asimame, aweke vidole viwili shingoni chini ya taya, nami nikashika saa kwa sekunde 15. Alihesabu mapigo 41, yaani 164 kwa dakika. Hakuwa amenidanganya kuhusu mwendo wake, maana mwendo wenyewe ulikuwa mdogo kweli. Alikuwa amelitumia neno mahali pasipo pake, na hayuko peke yake, kwani mwaka huu nimelisikia likitumiwa hivyo Uyole, Mwanjelwa, na hata kwa wenzetu wa Iringa wanaokuja kukimbia nasi.

Mbio za taratibu ni mbio zinazopimwa kwa mapigo ya moyo badala ya kasi, ambapo mkimbiaji huyaweka mapigo yake chini ya kiwango ambacho lakteti, kemikali inayozalishwa na misuli ikifanya kazi, ingeanza kulimbikizana kwenye damu kwa kuwa inazalishwa haraka kuliko mwili unavyoweza kuiondoa. Kiwango hicho wengine hukikadiria kwa kanuni ya Phil Maffetone, mkufunzi wa Marekani, ambayo ni 180 ukiondoa umri. Wengine huchukua asilimia 70 hadi 75 ya mapigo ya juu kabisa, nayo hukadiriwa kwa 220 ukiondoa umri. Yote hayo ni makadirio, na watu wawili wa umri mmoja wanaweza kupishana kwa mapigo zaidi ya 10, kwa hiyo kipimo cha kuaminika zaidi kwa asiye na kifaa ni mazungumzo: anayekimbia taratibu anaweza kutamka sentensi nzima, ndefu, bila kuikatiza ili avute pumzi. Kijana wetu ana umri wa miaka 34, na kwa kanuni ya Maffetone kikomo chake ni 146.

Neno lenyewe ndilo linalostahili kutazamwa kwa makini. Taratibu limetoka katika Kiarabu, tartib, lenye maana ya mpangilio, yaani kuweka vitu kimoja baada ya kingine, kila kimoja mahali pake. Shina hilohilo ndilo lililotupatia ratiba, kuratibu, mratibu na utaratibu. Mratibu wa semina haitwi hivyo kwa kuwa ana mwendo mdogo, na mtu anapouliza utaratibu wa kupata leseni hataki kujua itachukua muda gani. Anataka kujua nini kinatangulia na nini kinafuata. Ni kweli kwamba anayefuata mpangilio huonekana hana haraka, na naamini kwa njia hiyo neno likajongea hadi likakaa karibu na polepole, kiasi kwamba abiria anayemwambia dereva “endesha taratibu” anaeleweka vizuri, nami sina ugomvi naye. Katika mazoezi, hata hivyo, ujirani huo umeleta hasara, kwa sababu maana ya kwanza, ile ya mpangilio, ndiyo hasa inayohitajika. Kinachopangwa hapa ni kazi ya moyo: kwanza mapigo, kisha kasi, na kasi haipewi ruhusa ya kuyatangulia mapigo.

Polepole ni neno jingine, la ukoo wa upole, na linaeleza jinsi mwendo unavyoonekana. Mama mwenye kuni aliweza kuona, bila kumgusa yule kijana, kwamba alikuwa akienda polepole. Hakuweza kuona kama alikuwa akienda taratibu, kwa sababu hilo limo ndani ya kifua cha mkimbiaji. Ndiyo maana sipendi kusikia “polepole ndio mwendo” ikitajwa kama maelezo ya mazoezi haya. Mtu yule yule, kwa kasi ile ile ya dakika 7 kwa kilomita, anaweza kuwa anakimbia taratibu asubuhi ya Julai hapa Mbeya penye mita zipatazo 1,700 na baridi kali, kisha akashuka Kyela kando ya Ziwa Nyasa, ambako hewa ni nzito zaidi lakini joto ni jingi, akakuta mapigo yake yamepanda kupita kikomo, kwa kuwa moyo umepewa kazi ya pili ya kupeleka damu kwenye ngozi ili mwili upoe. Kasi haikubadilika, ila utaratibu umevunjika. Upande wa pili yuko Alphonce Simbu, aliyetwaa ubingwa wa dunia wa marathoni jijini Tokyo mwaka 2025 kwa saa 2:09:48: mwendo ambao kwake ni wa taratibu, wengi wetu hatungeweza kumfuata nao kwa kilomita tano, na hakuna mtazamaji ambaye angeuita wa polepole.

Subira, ambayo mbio hizi zinaidai, nayo inaeleweka vibaya, kana kwamba ni kukaa na kungoja zawadi. Nadhani neno zoezi linafundisha vizuri zaidi, kwa sababu limezaliwa na kuzoea: zoezi ni kile kinachozoesha. Katika mbio za taratibu mwili unazoeshwa mambo yasiyoonekana kwa macho. Mishipa midogo kabisa ya damu huongezeka kuzunguka nyuzi za misuli, mitokondria zinazozalisha nguvu ndani ya seli huongezeka, na moyo hujifunza kusukuma damu nyingi zaidi kwa pigo moja. Hayo huchukua majuma na miezi, na hayawezi kuharakishwa kwa kukaza mwendo siku ya Jumatano kwa sababu Jumanne ilikuwa ya kuchosha roho. Mimi nilianza na mzunguko mmoja wa kilomita 5, kila Jumapili, kikomo kikiwa mapigo 140. Daftari langu linaonyesha dakika 43 Jumapili ya kwanza, 44 ya tatu, 43 ya sita, na hapo nilikaribia sana kuacha. Mwisho wa mwezi wa tano tangu nianze nilimaliza kwa dakika 36, mapigo yakiwa yale yale 140. Kwa mkimbiaji wa taratibu maendeleo ni hayo: kasi inakua chini ya mapigo yasiyobadilika. Anayesema amejaribu wiki mbili na hakuona kitu amesema kweli, kwani kwa wiki mbili hakuna cha kuona.

Wenye saa za mkononi nawaomba jambo moja. Asubuhi ya baridi damu hupungua kwenye ngozi ya mkono, na mwanga wa kijani ulio chini ya saa huweza kukosa mapigo, hata wakati mwingine ukahesabu hatua za miguu badala yake. Ukiona saa imeng'ang'ania 175 nawe unazungumza bila shida, simama uhesabu kwa vidole.

Yule kijana aliniuliza, akiwa ameanza kupoa, kama basi ameshindwa. Nilimwambia hapana, na kwamba “nimekimbia polepole” ingekuwa sentensi sahihi kabisa kwa alichokifanya asubuhi ile. Kisha tulipanda pamoja kwa miguu, tukitembea, mpaka ilipoanza miti ya msitu wa Kawetire, na hapo alihesabu tena akapata 33, yaani 132, huku akinisimulia habari za shamba la viazi la baba yake bila kukatiza pumzi. Kwenye mwinuko ule, kwa moyo alio nao mwezi huu, kwenda taratibu ni kutembea.