Mafua Yanapomkuta Mwenye Mafuta kwenye Ini

"Ini ni habari ya tumbo, mafua ni ya kifua."
Mwili hauna mipaka hiyo. Virusi vikiingia, ini ndilo linalotengeneza protini nyingi za kinga zinazomwagwa kwenye damu, na ndani yake zimo chembe zinazomeza vijidudu. Likijaa mafuta, kwa baadhi ya watu huwa limeanza kuvimba kimyakimya kabla hata ya homa. Wakati wa UVIKO-19, tafiti nyingi zilikuta wagonjwa wa aina hii wakizidiwa zaidi. Tusilitwishe ini lawama yote, lakini: wengi wao wana kisukari na unene pia, na hivyo peke yake vinatosha kumlaza mtu.

"Sinywi pombe, hilo halinihusu."
Takriban watu wazima 3 kati ya 10 duniani wana mafuta kwenye ini, wengi bila pombe, na wembamba wamo. Haliumi. Mtu hulijua akipigwa ultrasaundi kwa shida nyingine.

"Mwenye tatizo la ini asiguse parasetamoli."
Hapa ndipo ninapoomba tusomane vizuri, maana nimeona watu wakivumilia homa kali kwa hofu hii. Kwa kipimo sahihi, mwenye mafuta tu kwenye ini kwa kawaida anaweza kuitumia. Kikomo cha mtu mzima ni gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Mnywaji wa pombe, au ambaye ini lake limeshaota makovu, mara nyingi huambiwa asizidishe gramu 2, kwa hiyo amuulize daktari. Hatari hasa ni kuchanganya. Dawa nyingi za mafua, za vidonge na za unga wa kukoroga, zina parasetamoli ndani. Ukimeza hiyo na vidonge vya homa juu yake, umejizidishia bila kujua. Soma pakiti. Mitishamba ya "kusafisha ini" nayo iache: baadhi yake huliumiza.

"Chanjo inalichosha ini."
Kinyume chake, wenye ugonjwa sugu wa ini ni miongoni mwa wanaoshauriwa kuchanjwa dhidi ya homa ya mafua, korona na nimonia ya bakteria.

"Vipimo vya ini vimepanda, basi limekufa."
Virusi vyenyewe huweza kuvipandisha kwa muda. Pima tena ukishapona. Lakini macho yakiwa ya njano, akili ikianza kuchanganyikiwa au pumzi ikibana, nenda hospitali siku hiyohiyo.